Viti tunavyovidharau ndivyo vinavyozisoma kura sawasawa

Mwaka 2010 Chadema ilipata takriban asilimia 24 ya kura za ubunge Tanzania. CUF ilipata kama asilimia 11, chini ya nusu ya kura za Chadema. Majimbo yalipokwisha kutangazwa, CUF ilikuwa na wabunge 24 wa majimbo na Chadema 23.

Hakuna kosa la uchapaji hapo. Wala sizungumzii wizi wa kura. Wizi una wasemaji wake, na kila baada ya uchaguzi tunaujadili mpaka sauti zinakauka. Ninalolisema hapa hutokea hata pale ambapo kila karatasi imehesabiwa kwa haki, kila wakala ametia saini fomu yake, na hakuna aliyefungua kesi mahakamani. Kura zinahesabiwa vizuri kabisa, halafu zinapogeuzwa kuwa viti zinatoka na sura nyingine.

CCM mwaka huohuo ilipata kama asilimia 60 ya kura. Katika majimbo 239 ilichukua 186, yaani asilimia 78. Asilimia 18 za nyongeza hazikutoka kwa mpiga kura yeyote. Zimetoka kwenye utaratibu wenyewe: jimbo moja, mbunge mmoja, na mwenye kura nyingi anakichukua kiti chote hata kama amemzidi mwenzake kwa kura moja. Waliompigia wa pili wanarudi nyumbani mikono mitupu. Na kura za mshindi zilizozidi zile alizozihitaji nazo hazina kazi tena. Ni maji yanayomwagikia nje ya ndoo iliyokwisha jaa.

Kwa hiyo chenye umuhimu si kura ngapi umepata, ni umezipata wapi. Chama chenye robo ya kura zilizotapakaa nchi nzima kinaweza kuwa cha pili kila mahali na kukosa kila mahali. Chama chenye kura chache zilizokusanyika sehemu moja kinavuna. Chadema 2010 walikuwa na watu Mbeya, Mwanza, Arusha, Moshi, Dar es Salaam, na wa pili wengi sana vijijini. CUF walikuwa na Pemba. Pemba ilikuwa na majimbo 18, wakayachukua yote 18.

Na majimbo ya Zanzibar si sawa na ya Bara kwa ukubwa, hilo kila mtu analijua lakini wachache wamekaa wakalipigia hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta Zanzibar watu milioni 1.3, nayo ilikuwa na majimbo 50: watu kama 26,000 kwa kila jimbo. Bara ilikuwa na watu milioni 43.6 na majimbo 189: watu kama 230,000 kwa jimbo. Karibu mara tisa.

Nina shemeji yangu mtu wa Wete, fundi seremala, tunakutana kwenye kahawa Magomeni. Siku moja nilimwandikia hesabu hiyo nyuma ya risiti ya duka la rangi. Aliitazama, akaigeuza akasoma bei ya rangi upande wa pili, akaigeuza tena.

"Sasa shemeji, kwa hesabu yako hii Zanzibar nzima ingekuwa na wabunge wangapi?"

Nikamwambia saba.

"Saba!" Akacheka mpaka muuza kahawa akageuka. "Nchi iliyokuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa ije kukaa Dodoma na watu saba. Hata kamati ya harusi ina watu zaidi ya hao."

Ana hoja, na sikuwa na la kumjibu. Muungano ni wa nchi mbili, na nchi ndogo inapoungana na kubwa lazima ipewe uzito uliozidi idadi ya watu wake, la sivyo imemezwa. Marekani wanalifanya hilo kwenye baraza lao la seneti, ambako kila jimbo lina maseneta wawili bila kujali ukubwa. Tofauti ni kwamba wao wana nyumba mbili za bunge, moja ya kuhesabu watu na moja ya kuhesabu majimbo. Sisi tumeyaweka yote mawili kwenye nyumba moja, kisha tunashangaa hesabu hazikubaliani.

Ila wanaodhani tatizo ni Zanzibar wamekosea njia. Iondoe Zanzibar yote kwenye hesabu na bado CCM inapata viti vingi kuliko kura zake, na Chadema pungufu. Mwaka 2015 vyama vya Ukawa, ule umoja wa upinzani, viliachiana majimbo ili visigawane kura, na mbinu ilisaidia: Chadema majimbo 34, CUF 32, NCCR-Mageuzi moja. Jumla 67 kati ya majimbo 256 yaliyotangazwa katika awamu ya kwanza. Hiyo ni asilimia 26 ya viti. Kura za vyama hivyo vitatu zikijumlishwa zilikuwa karibu asilimia 42. CCM kwa asilimia 55 ya kura ilichukua 188, asilimia 73.

Huu mfumo tuliurithi kwa Waingereza, nao wenyewe unawapa vituko vyao. Julai 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14 ya kura na viti vitano. Liberal Democrats, waliopata kura pungufu ya Reform, asilimia 12, waliondoka na viti 72. Ni hadithi ya CUF na Chadema ileile, imehamia London.

Kwa wenzetu wa Uingereza mambo hayo yanaishia magazetini. Kwetu yamewahi kwenda mbali zaidi, na sijui kwa nini hatuyafundishi shuleni kama hesabu, tunayafundisha kama historia tu. Januari 1961 Zanzibar ilichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha Afro-Shirazi, ASP, kilipata viti 10, ZNP, yaani Hizbu, viti 9, na chama cha ZPPP viti 3. Kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja. Moja. ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja ASP: 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, safari hii viti vikiwa 23 ili pasiwe na sare. Siku ya kura ziliibuka fujo, na watu 68 walikufa. ASP walipata karibu nusu ya kura zote, viti 10. Hizbu nao 10, ZPPP 3, na hao wawili wa mwisho wakaunda serikali pamoja.

Halafu ukaja ule wa Julai 1963, wa kuelekea uhuru. Viti 31. ASP ilipata asilimia 54 ya kura. Si chama kikubwa kuliko vingine tu, ni zaidi ya nusu ya wapiga kura wote. Ikapata viti 13. Hizbu kwa asilimia 30 ya kura ikapata viti 12, ZPPP kwa asilimia 16 ikapata viti 6, jumla yao 18. Kura za ASP zilikuwa zimerundikana kwenye majimbo ya Unguja waliyoshinda kwa tofauti kubwa mno. Wapinzani wao walishinda mengi kwa tofauti ndogo. Mohamed Shamte wa ZPPP akaendelea kuwa Waziri Mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964.

Sisemi Mapinduzi yaliletwa na mgawanyo wa majimbo. Yalikuwa na mizizi mirefu, ya ardhi, ya rangi, ya kazi, na kila familia ya visiwani ina simulizi yake ambayo si kazi yangu kuisahihisha. Lakini mtu aliyekuwa sehemu ya ile asilimia 54 alikuwa na sababu ya kuamini kwamba sanduku la kura limekwisha kumjibu.

Lesotho walipita njia inayofanana na hiyo, miaka 35 baadaye, na wao walitengeneza. Mei 1998 chama cha LCD kilipata kama asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. BNP, chama cha upinzani, walikuwa na karibu robo ya kura zote za nchi, na kiti kimoja. Wapinzani walilia wizi. Ukweli ni kwamba hata bila wizi, utaratibu wenyewe ulitosha kuwafuta. Kufikia Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yalikuwa yameingia nchini na katikati ya Maseru kulikuwa kunaungua.

Moto ulipozimika walikaa wakakubaliana jambo la maana. Majimbo 80 yabaki, kila moja na mbunge wake. Viongezwe viti 40 vya kusawazisha: chama kilichopata kura nyingi na majimbo machache kinajaziwa humo mpaka jumla ya viti vyake ikaribiane na kura zake. Chama kilichokwisha kupata majimbo kuliko kura zake hakipewi kitu. Mwaka 2002 LCD wakachukua tena karibu majimbo yote. BNP hawakupata hata jimbo moja, lakini kwa asilimia 22 ya kura walipata viti 21, vyote vya kusawazisha. Waliingia bungeni, wakapinga kwa mdomo, na Maseru haikuchomwa.

Turudi Dodoma, kwa sababu kuna jambo liko mbele ya macho yetu na sijawahi kulisikia likisemwa kwenye kongamano lolote la katiba.

Bunge letu tayari lina viti vinavyogawiwa kwa uwiano wa kura. Ni viti maalum vya wanawake. Kwa mujibu wa katiba, chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge kinapewa viti hivyo kulingana na kura zake. Siyo kulingana na majimbo, kulingana na kura. Sasa tazama. Mwaka 2010 vilikuwa 102: CCM 67, Chadema 25, CUF 10. Chadema, waliopata chini ya asilimia 10 ya majimbo, hapa wana robo ya viti, ambayo ndiyo kura zao. Mwaka 2015, katika viti 110 vya mwanzo, CCM walipata 64, Chadema 36, CUF 10. Kura za Chadema asilimia 32. Majimbo yao asilimia 13. Viti maalum vyao asilimia 33.

Yaani kwa chaguzi mbili mfululizo chama kikuu cha upinzani kilikuwa na wabunge wengi wa viti maalum kuliko wa majimbo. Na kwa chaguzi hizo mbili, ukitaka kujua Watanzania walipiga kura vipi, ungeachana na wanaume wa mbele ukawahesabu wale kina mama.

Ambao ndio tunaowadharau. Nilihudhuria mahafali ya kidato cha nne ya mtoto wa kaka yangu, wabunge wawili wamealikwa. MC akamtambulisha wa kwanza: "Mheshimiwa mbunge wetu!" Vigelegele, ngoma, watoto wamesimama. Akageukia wa pili, akaangalia karatasi yake: "Na tunaye pia mheshimiwa... huyu naye ni mbunge, wa viti maalum." Makofi matatu manne. Mama akainua mkono, akakaa, akarekebisha mtandio. Baadaye kwenye harambee ya maabara ndiye aliyetoa zaidi, lakini hilo halikubadilisha kitu. Kwenye shukrani alitajwa baada ya mwenyekiti wa kijiji.

Dharau ile haikutoka hewani. Mbunge wa viti maalum hakuchaguliwa na mtu unayemjua. Jina lake limetoka kwenye orodha ya chama, na orodha inapangwa ndani, kwa kura za jumuiya ya wanawake au kwa mikono ya vikao. Mpiga kura hana pa kumgusa. Na hatari ya orodha tuliiona 2020: Chadema walipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, kisha Novemba wanawake 19, Halima Mdee akiwamo, wakaapishwa kuwa wabunge wa viti maalum wa chama ambacho kilisema hakikupeleka jina lolote. Chama kikawavua uanachama. Wao wakabaki bungeni. Ikiwa kiti ni cha chama kwa sababu ya kura za chama, mtu asiye na chama anakikaliaje? Swali hilo lilizunguka mahakamani miaka huku posho zikiendelea.

Lakini kosa hilo ni la orodha, siyo la hesabu. Kenya wana orodha pia, na hesabu yao ni mbaya zaidi. Ibara ya 90 ya katiba yao inasema viti 12 vya kuteuliwa vya Bunge la Taifa vigawiwe kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda. Wa viti! Chama kilichopendelewa na majimbo kinapendelewa mara ya pili. Katiba ya 2010 ya Kenya tunaisifia kwa mengi, tena kwa haki, ila kwenye kipengele hiki ya kwetu iliyotungwa enzi za chama kimoja na kutiwa viraka imewashinda.

Najua pingamizi la kwanza, kwa sababu ndilo ninalokutana nalo kila nikilianzisha: basi tufute majimbo, tufanye kama Afrika Kusini? Kule mwaka 2024 ANC ilipata asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400, hesabu safi isiyo na mkunjo. Hapana, mimi sitaki kufuta majimbo. Mtu wa Kilombero kalavati lake likibomolewa na mvua anataka jina la mtu mmoja wa kumlalamikia, na namba ya simu. Kumwambia chama chake kimewakilishwa kwa uwiano hakumvushi mto. Wananchi wa Afrika Kusini wenyewe wanalalamika kwamba hawajui mbunge wao ni nani. Ndiyo maana ninaupenda mchanganyiko wa Lesotho, majimbo yabaki na viti vya juu visawazishe.

Nao unachezewa, msije mkadhani nauza dawa. Mwaka 2007 LCD walisimamisha wagombea wao majimboni, wakawaambia wafuasi wao kura ya pili, ile ya chama, waipe NIP, chama rafiki. LCD wakapata majimbo 61, na NIP, ambacho hakikuwa na jimbo hata moja, kikapewa viti 21 vya kusawazisha. Ujanja uliotimia. Lesotho wakabadilisha tena, kura iwe moja tu, ya mgombea na ya chama kwa pamoja, na mchezo ukafungwa.

Na hakuna hesabu inayoweza kuokoa uchaguzi ambao chama hakimo. Burundi wanatumia uwiano wa kura mikoani. Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kikapata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Uwiano ulifanya kazi yake. Sisi Aprili ya mwaka huohuo tulishuhudia Chadema ikiondolewa kwenye uchaguzi wa Oktoba kwa kutosaini kanuni za maadili. Pasipo na mpinzani, kuna nini cha kugawa kwa uwiano?

Pamoja na hayo, nilichukua namba za 2010 nikazipitisha kwenye utaratibu wa Lesotho. Sikuongeza kiti hata kimoja. Majimbo 239 nimeyaacha yalivyo, Zanzibar na Pemba yake kama shemeji anavyotaka, na vile viti maalum 102 nimevigeuza kuwa vya kusawazisha, kwa masharti yaleyale ya asilimia 5. Vyama vidogo vinabaki na majimbo yao 6. Katika viti 335 vilivyobaki, CCM inapata takriban 213, Chadema 84, CUF 38. Badala ya CCM 253, Chadema 48 na CUF 34 kama ilivyokuwa.

CCM inabaki na wingi wa kutosha kuunda serikali na kupitisha bajeti bila kumwomba mtu. Kinachoondoka ni theluthi mbili. Bunge lote, pamoja na wa kuteuliwa na rais, wa Baraza la Wawakilishi na Mwanasheria Mkuu, lilikuwa na watu wasiozidi 357. Theluthi mbili ni 238. CCM hata ikipewa wote hao wa nyongeza inafika 229. Maana yake mwaka ule kubadili katiba kungehitaji kuongea na watu wengine, na asilimia 40 ya wapiga kura walikuwa wamesema hivyohivyo.

Na mabadiliko yenyewe ni ya kifungu kimoja: badala ya kugawa viti maalum pembeni kana kwamba majimbo hayapo, vigawiwe kwa kuangalia chama kimekwisha kupata nini.

Kwa nini halitapita, hilo nalo nimelipigia hesabu. CCM ingebaki na viti maalum 27 badala ya 67. Wanawake 40 wa UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, wangekosa nafasi, na wengi wa waliokuwa bungeni mwaka ule ndio hao ambao wangetakiwa kuinua mkono kuukubali muswada. Chama kingekuwa na njia moja tu ya kuwarudisha: kuwasimamisha kwenye majimbo yake ya uhakika, mahali pa wanaume waliokaa humo vipindi vitatu vinne. Shemeji nilipomfikishia hapo aliiomba ile risiti, akaikunja, akasema ataipeleka kwa diwani wake, ambaye ni mwanamke wa viti maalum, aone atasemaje.